Saa 8:00, Ukurasa wa Sita

Jumanne, tarehe tatu Machi

Mhariri ameibandua kadi yangu ukutani.

Kadi yenyewe ni kipande cha boksi la viatu. Niliiandika kwa mkono, mimi msahihishaji, wakati gazeti letu lilikuwa bado linachapwa kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitabu. Moja hadi kumi, maneno. Kumi na moja kwenda juu, tarakimu. Sentensi isianze kwa tarakimu. Umri, tarehe, namba za nyumba — tarakimu. Saa — maneno siku zote, na sehemu ya siku itajwe. Miaka ishirini na miwili imekaa ukutani juu ya meza yangu, na sasa imeacha mraba mweupe kwenye rangi ya ukuta. Naukodolea macho kama mtu aliyeng'olewa jino, anayelitafuta kwa ulimi.

Mwongozo mpya unasema tarakimu kila mahali, hata moja. Saa nazo. Sababu ni simu: wasomaji wetu wengi wanatusomea kwenye simu, na jicho hukimbilia namba. Nikamwambia mhariri kwamba jicho likikimbia halisomi. Akacheka. Ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwerevu, haringi. "Mzee Herufi," akasema, "gazeti lina kurasa nane tu. Ukiandika kila kitu kwa maneno, habari zenyewe tuziweke wapi?"

Sikatai hoja ya nafasi. Lakini andika "watoto 3" — ile 3 haijui inahesabu nini. Inaweza kuwa viti. Inaweza kuwa mifuko ya saruji. Andika "watatu", tayari ni watu. Nilisema hivyo mbele ya wote, na Mbio, mfasiri wetu, akadakia: "Basi Mzee, hata namba ya simu tukuandikie kwa maneno?" Ofisi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, kwa kuchelewa kidogo.

Humu daftarini hakuna mhariri. Nitaandika kwa maneno hadi mkono uchoke.

Jioni fundi cherehani wa ghorofa ya chini alipanda kuniletea suruali niliyompa apunguze kiuno. Ananipunguzia kila mwaka. Anasema nikiendelea hivi atakuwa anashonea kalamu badala ya mtu. Kisha akauliza tena, kwa sauti ile ya kutotaka kusumbua: Tangazo la uhamiaji limetoka, Babu? Bado. Binti yake yuko kule kwetu, kwa mama yake mdogo. Anatimiza miaka kumi na minane Alhamisi ya tarehe kumi na tisa. Ombi likipokelewa kabla ya hapo, anahesabiwa mtoto, na mtoto anaruhusiwa kumfuata mama. Likichelewa kwa siku moja ni mtu mzima, na foleni ya watu wazima ni ya miaka. Miaka mitatu hawajaonana.

Nimemwahidi: likifika mezani kwangu, wa kwanza kujua ni wewe.

Jumatano, tarehe nne Machi

Siku ya prufu, zile kurasa za majaribio tunazozisoma mara ya mwisho kabla ya mitambo. Macho yamechoka, moyo una furaha. Tangazo limefika mchana! Mbio kalitafsiri kabla chai yake haijapoa. Ndiyo maana anaitwa Mbio.

Liko ukurasa wa sita, ndani ya kisanduku. Maombi ya kuunganisha familia: Jumatatu mbili tu, tarehe 9 na 16. Kuanzia saa 8:00 hadi saa 12:00. Watu 60 wa kwanza kila siku. Dirisha 4. Simu zizimwe. Tarakimu tupu kama orodha ya bohari, lakini sikubishana. Nimeongeza koma moja. Nikatia herufi mbili za jina langu pembeni kwa wino mwekundu, kuupitisha ukurasa, kama kila Jumatano.

Alhamisi, tarehe tano Machi

Nimemkatia fundi tangazo kwa mkasi wake mwenyewe. Akalibandika kwenye cherehani, juu ya gurudumu, alione kila akishona.

"Nitoke mapema, Babu?"

Mapema sana, nikamwambia. Watu sitini tu. Uwe umetoka nyumbani muda wa saa mbili nzima kabla dirisha halijafunguliwa.

"Mapema ya watu, au mapema yako wewe unayefika kliniki kabla ya mfagiaji?"

Yangu, nikasema. Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mwaka jana.

Jumatatu, tarehe tisa Machi

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi sikumsikia fundi akitoka. Nikadhani nimelala fofofo, ameshakwenda. Nikaosha vikombe. Nikasoma. Karibu na saa sita nikasimama dirishani, nikamwona chini barabarani: gauni la bluu lililopigwa pasi, bahasha kubwa kifuani. Anatoka. Ndiyo kwanza anatoka.

Nilitaka kumpungia mkono. Mkono ukagoma.

Nikatafuta gazeti. Ukurasa wa sita. Saa 8:00 hadi saa 12:00. Nikalisoma kwa sauti, pole pole, kama ninavyowafundisha wengine: saa nane — hadi saa kumi na mbili. Saa nane mchana. Muda wa saa mbili kabla ya saa nane ni saa sita. Mtoto huyu ametii maneno yangu kwa dakika.

Na mimi nilipolisoma Jumatano, niliona asubuhi. Sikujiuliza hata kidogo. Niliona asubuhi.

Nimempigia simu. Imezimwa. Tangazo limesema zizimwe.

Goti langu haliwezi ngazi za ghorofa nne na kilomita mbili. Nilishuka hadi ghorofa ya pili, nikapanda tena.

Amerudi saa tisa na nusu. Alifika kule saa sita na dakika ishirini na tano; dirisha lilikuwa limefungwa saa sita kamili. Mlinzi akamwambia kwa lugha ya hapa kwamba basi, kwisha. Yeye akamwonyesha tangazo. Mlinzi hajui Kiswahili, lakini namba anajua. Akaweka kidole kwenye 8:00, halafu kwenye saa yake ya mkononi, halafu akaonyesha kule jua linakotokea. Fundi naye akaweka kidole kwenye 8:00 ile ile na kuonyesha juu ya kichwa, jua likipinda. Katika karatasi nzima kitu pekee walichoweza kusoma wote wawili kilikuwa hicho, na kila mmoja akabaki na siku yake.

Alikaa kwenye ngazi hadi saa nane na robo. Aliliamini gazeti kuliko mlinzi.

"Labda nimekosea mimi, Babu," akasema. "Labda sikuelewa."

Nami — niandike hili, maana hakuna wa kulisoma — nami nikanyamaza. Nikamwambia: bado kuna Jumatatu nyingine. Nikafunga mlango taratibu.

Jumanne, tarehe kumi Machi

Nimefika ofisini kabla ya mwenye funguo.

Waraka wenyewe wa uhamiaji uko kwenye faili: 08:00–12:00. Kwa hesabu yetu, saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Mbio alitafsiri kila kitu isipokuwa saa. "Mwongozo unasema tarakimu, Mzee. Waraka una tarakimu. Nikaziacha zilivyo." Hakusema kwa ujeuri.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba linajitosheleza. Kama angegeuza moja na kuacha nyingine, mtu angeshtuka. Lakini saa nane hadi saa kumi na mbili ni alasiri nzuri kabisa ya kazi. Hakuna kinachochomoza. Angelazimika kuandika neno — asubuhi, mchana — mkono ungesita. Tarakimu haikumsitisha.

Simu zimelia tangu asubuhi. Mhariri anaweka alama kwenye karatasi. Hadi mchana watu kumi na mmoja, na hao ni wenye ujasiri wa kupiga. Alipoweka simu ya kumi na moja akamgeukia Mbio, na Mbio akatazama viatu vyake. Sote tunajua mkataba wake unaisha mwezi huu.

Nikamwambia mhariri: tafuta prufu.

Akaileta. Herufi zangu mbili, nyekundu, safi. Na ile koma yangu.

"Kwa hiyo Mzee unasema kosa ni la mwongozo wangu?" Aliuliza kwa upole. Mlango ulikuwa wazi, ningeweza kupita. Ningeweza kuitaja kadi.

Nikamwambia: mwongozo hauna macho. Mimi ndiye niliyewekwa pale niwe na macho.

Halafu Mbio, ambaye aliletwa nchi hii akiwa na miaka sita, akasema bila nia mbaya: "Mimi nimekua nikihesabu saa za hapa, Mzee. Kwangu nane ni asubuhi. Lakini wewe?"

Lakini mimi.

Jumatano, tarehe kumi na moja Machi

Sikulala vizuri. "Lakini wewe?"

Marehemu mke wangu hakukubali kamwe saa za hapa. Alipanda kiti na kuirudisha nyuma saa ya jikoni kwa muda wa saa sita, ili uso wake useme kinachosemwa na mdomo. Jua likichomoza, saa kumi na mbili. Mwezi wetu wa kwanza hapa aliniambia: hawa wanaanza kuhesabu siku watu wakiwa wamelala, sisi tunaanza kukipambazuka, sasa nani ana akili? Fundi bomba alipokuja akaitazama ile saa, akatutazama sisi, akaondoka mbio akidhani amechelewa kwao. Tulicheka wiki nzima.

Alipofariki niliiweka sawasawa na za hapa. Nilikuwa nakosa miadi ya kliniki. Ni miaka kumi na mmoja sasa. Nilidhani nimerekebisha saa tu.

Miaka arobaini na mmoja nimelinda kila neno. Najua jina la kila mtaa wa kule, najua nani alikuwa na duka gani. Na kumbe kitu kimoja kiliondoka bila kuaga, nami sikusikia hata mlango. Fundi cherehani ana miaka mitatu hapa. Kwake siku bado inaanza alfajiri. Mimi nimesoma 8:00 kama mlinzi.

Kazini: mhariri alitaka masahihisho ya mistari mitatu, ukurasa wa saba. Nikataka ukurasa wa kwanza. Tumebishana hadi chai. Amekubali chini ya picha, kwenye kisanduku. Nikaandika: "saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana". Akaisoma, kalamu ikining'inia. Nilijua anahesabu nafasi.

"Iache hivyo," akasema. "Saa tu, Mzee. Watoto 3 watabaki 3."

Nikatia herufi zangu. Kisha nikasoma tena. Kisha tena. Mpiga chapa alikuja mwenyewe kuchukua karatasi mikononi mwangu.

Alhamisi, tarehe kumi na mbili Machi

Gazeti limetoka. Nimelipenyeza chini ya mlango wa fundi nikapanda ngazi haraka kuliko daktari anavyoruhusu. Mwoga.

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi

Nimeshuka. Alikuwa anashona mapazia ya mtu, kitambaa kimejaa hadi mlangoni. Tangazo la zamani bado liko kwenye cherehani, hajalibandua. La ukurasa wa kwanza amelibandika chini yake.

Nikakaa kwenye kile kiti cha wateja. Nikasema habari za mapazia. Akaniambia mapazia hayajambo.

Kisha bila kuinua macho: "Wameandika 'tulikosea'. Nikajiuliza, hawa 'sisi' ni nani na nani?"

Nikamwambia. Mfasiri aliacha namba zilivyo, na mimi nikazipitisha. Wino ni wangu. Na siku ile uliposema labda umekosea wewe, nilijua, nikanyamaza.

Aliendelea na mshono hadi mwisho wa pazia. Ni pazia refu sana. Akakata uzi kwa meno.

"Mlinzi alikuwa ananicheka," akasema. "Nilikaa pale kwenye ngazi nikasema, mimi mjinga, hata saa sijui kusoma. Siku nne nimejiita mjinga, Babu."

Nikaokota uzi alioukata.

"Binti yangu aliniuliza kwenye simu, mama ulifika? Nikamwambia nilifika." Akakunja pazia mara mbili, mara nne. "Jumatatu utasimama na mimi. Tangu kungali giza. Goti likiuma, liume."

Nikasema ndiyo.

"Na usilete kalamu nyekundu."

Sijui kama huo ulikuwa utani.

Jumapili, tarehe kumi na tano Machi

Nimepanda kiti, nimeirudisha nyuma saa ya jikoni kama marehemu alivyokuwa akiiweka. Nimekaa kuitazama. Baada ya muda nikapata hofu kwamba alfajiri nitachanganyikiwa na kuchelewa. Nikapanda tena, nikaiweka za hapa. Kisha nikaona aibu. Sasa iko mezani, betri pembeni. Nitaamshwa na fundi. Ameahidi kugonga bomba la maji kutoka chini.

Hati zake tumezipitia mara tatu. Fomu, picha nne, cheti cha kuzaliwa cha binti, nakala. Nimesoma kila tarakimu kwa sauti naye akifuata kwa kidole.

Jumatatu, tarehe kumi na sita Machi

Naandikia ukutani, nimesimama. Herufi zitakuwa mbaya.

Tulifika saa kumi na moja na nusu alfajiri. Tayari foleni ilikuwa imekunja kona. Nilianza kuhesabu: hamsini na sita, halafu mwanamume mmoja akainuka kwenye boksi alilolalia nikawa na hamsini na saba, halafu wanawake wawili wakaja kuchukua nafasi walizokuwa wamewekewa. Nikahesabu upya. Hamsini na tisa mbele yetu. Nikahesabu upya. Hamsini na tisa. Sikumwambia, lakini alikuwa anahesabu pia, niliona midomo.

Yeye wa sitini. Wa mwisho. Alisimama mbele yangu na mimi nyuma yake, wa kumsindikiza tu.

Saa moja asubuhi ilipopita, mama mmoja wa mbele akasema safari hii wanataka nakala mbili za cheti, si moja. Ng'ambo ya barabara kuna duka la nakala, lilikuwa linafunguliwa. Fundi akaniambia, "Nishikie nafasi, Babu," akakimbia. Nikasogea mbele, nikasimama pale alipokuwa. Mahali pake. Aliporudi akihema nikataka kumpisha. Akanishika bega: "Kaa hapo hapo, Babu, pana ukuta wa kuegemea. Mimi nitakaa nyuma yako, shida iko wapi?" Goti lilikuwa linawaka. Nikakaa. Niliegemea ukuta kama mfalme.

Nikasahau. Sote wawili tukasahau.

Saa mbili kasorobo mlinzi akatoka na vikaratasi vya namba. Yule yule wa Jumatatu iliyopita, na hacheki leo. Anampa kila mtu kimoja na kuandika kwenye daftari lake. Haraka haraka. Akanitia kimoja mkononi, akampa fundi kingine, akamwambia kwamba cha kwake ni cha kusubiri tu, kama mtu ataondoka.

Changu: 60.

Chake: 61.

Nimempa fundi changu papo hapo. Nikamwambia mlinzi, kwa lugha ya hapa, ile ninayoiongea vizuri mno: mimi si mwombaji. Nafasi ni ya huyu. Nilimshikia. Akafungua daftari akanionyesha. Mbele ya 60 ameandika: mzee, mwanamume. Namba haihami, akasema, au kila mtu ataanza kuleta babu. Watu wa nyuma wakaguna. Yule mama wa nakala akapaza sauti kwamba alifika na mwanamke huyu alfajiri, alimwona kwa macho yake, mzee alikuwa nyuma. Mwanamume wa boksi naye akasema aliona. Mlinzi akatutazama mmoja mmoja. Akasema atauliza ndani.

Ameingia. Mlango umefungwa.

60 iko mkononi mwa fundi, ameikunja ndani ya ngumi. 61 nimeiweka katikati ya daftari hili. Kwenye bahasha yake ameandika kwa peni jina la binti na tarehe ile, kumi na tisa — kwa maneno. Sikumfundisha.

Ameniuliza sasa hivi saa ngapi. Nimeinua macho kwenye saa kubwa iliyo juu ya mlango. Mishale inasema saa nane kasoro dakika nne. Nimeitazama, nimevuka upande wa pili wa uso wake, nimehesabu kuanzia alfajiri, moja, mbili, ndipo nikafungua mdomo.

"Saa mbili kasoro dakika nne," nimemwambia. "Asubuhi."

"Ya asubuhi naiona, Babu," amesema.

Kitasa kinazunguka. Mlinzi anatoka na daftari lake, lakini kutoka hapa siwezi kuuona uso wake. Nafunga daftari.